Neno Halipo

Jina la Mwalimu Chavua alipewa na wanafunzi wake, siku alipoingia darasani baada ya kunusa ua, akafundisha kipindi kizima na chavua, ule unga wa manjano wa ua, kwenye ncha ya pua. Jina lilimganda. Alifundisha biolojia mpaka akastaafu, na alipostaafu tu, nyumba ikaanza kumbana.

Hakutulia. Anaweka maji jikoni, anayaacha kwenda kupanga kabati. Kabati halijafungwa, yuko dirishani anawatazama watoto wa watu wakienda shule. Mumewe, fundi redio aliyegeuza sebule kuwa karakana, akachoka.

"Mke wangu, keti. Unanitia kizunguzungu."

Ndipo shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi cherehani asiyejua kunyamaza, akamwekea mchezo wa maneno kwenye simu. Unapewa herufi, unaunda neno, mwenzako anajibu.

"Huu utakutuliza, shemeji," alisema.

Ulimtuliza kama pilipili inavyotuliza jicho. Jumamosi ya kwanza herufi zilimwangukia vizuri, akaandika CHAVUA. Simu ikatetemeka. Herufi zikawa nyekundu: *Neno halipo.* Akarudia, akidhani kidole kimeteleza. Halipo. Mzunguko uliofuata akajaribu MBOCHI, ule utamu ambao nyuki huufuata ndani ya ua. Halipo. BUU nalo halikuingia. Akampigia shemeji.

"Shemeji, hata simu imekukana!" alicheka yule. "Mimi nimeandika SURUALI, imenipigia makofi!"

"Suruali ilianza lini kuwepo? Chavua ilikuwepo kabla ya binadamu!"

"Basi ivae tukuone."

Wiki nzima chakula hakikushuka. Aliongea peke yake, akazunguka meza, akawashtaki watengenezaji wa mchezo mbele ya redio zilizofumuliwa. Mumewe akaweka chini bisibisi.

"Kinachokuuma si chavua."

"Ni nini basi?"

"Tangu uache kazi hakuna anayekuuliza kitu."

Ukweli ule ulimchoma, naye hakutaka mumewe aone ulipomchoma. Alichukua mkoba, akatoka na viatu vya ndani.

Ofisi ya wenye mchezo ilikuwa ng'ambo ya mji, juu ya duka la rangi: chumba kimoja, feni yenye kelele, na binti mwenye miwani aliyekuwa anakula karanga mbele ya kompyuta. Binti alisimama haraka, akampisha kiti.

"Karibu, mama. Umekuja kwa ajili ya duka la chini?"

"Nimekuja kuuliza kwa nini mmefuta nusu ya viumbe."

Binti hakucheka. Alieleza kwamba maneno yao waliyatoa kwenye magazeti; neno lisiloandikwa gazetini halikuingia. Mwalimu akaona aibu kidogo, maana alikuwa amekuja kutafuta adui, akamkuta mtu.

"Na KIRUSI mbona nacho hakimo? Magazeti yamekiandika mpaka yakachoka."

"Hicho tulikitoa wenyewe. Ni jina la lugha, na majina ya lugha hayaruhusiwi."

"Mwanangu! Kirusi ni kimoja, virusi ni vingi. Kinachokulaza na mafua hakihitaji pasipoti!"

Hapo wote wawili wakaangua kicheko, karanga zikamwagika. Walipotulia, binti akasema kinachomtia hofu: wachezaji wakikutana na maneno wasiyoyajua watahisi wameonewa.

"Waonyesheni maana," alisema Mwalimu. "Mtu akishinda kwa neno, mwenzake alisome hapo hapo."

"Nani ataziandika hizo maana, mama?"

Swali lilikuwa la kawaida, lakini tangu astaafu hakuna aliyekuwa amemuuliza la kazi. Mwalimu alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena, akasema ataziandika yeye.

Akaanza Jumatatu. Alikuja asubuhi, akaandika maana fupi fupi, akazisoma kwa sauti huku akitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, mpaka binti akajifunza kufanya kazi na vifaa vya masikioni. Maneno yalipoingizwa, siku hiyo hiyo malalamiko yakamiminika. Mchezaji mmoja aliandika: *Hili neno mbochi mmeliokota wapi? Mnatuibia ushindi!*

"Tuliondoe kwanza, mwalimu?" binti aliuliza kwa wasiwasi.

"Thubutu!"

Alivuta kibodi, akajibu mwenyewe, akigonga herufi kwa kidole kimoja: *Limo ndani ya ua lolote lililochanua karibu nawe. Nenda asubuhi, kabla nyuki hajakuwahi.*

Jibu la mchezaji lilichukua muda. Mwalimu alisimama, akaketi, akasimama tena. Hatimaye likaja: *Nimeenda. Nimelamba. Tamu. Lakini bado mmenionea.*

"Mbishi huyu," alisema Mwalimu, akivuta kiti karibu. Chini ya ujumbe huo palikuwa na mchezaji mwingine aliyedai neno kiluwiluwi ni tusi.