Mzee Kirit na Kikapu Asichokiona

Ukisikia mtu akisema wazee wa Nakuru kazi yetu ni kuota jua na kulalamikia bei ya sukari, mwambie Jepchumba wa Lanet amesema akome. Nina miaka sitini na minne, goti la kushoto linanisumbua, na kila Jumanne na Jumamosi asubuhi nilikuwa narusha sahani na Mhindi wa miaka sabini na mmoja. Si sahani za ugali. Ni za plastiki ngumu, unazirusha kutoka mbali mpaka ziingie kwenye kikapu cha chuma chenye minyororo, na anayetumia mirusho michache ndiye mshindi. Ni kama gofu, ila hakuna rungu, hakuna klabu ya wakubwa, na hakuna mtu wa kukuuliza umevaa viatu gani.

Huyo Mhindi ni Kirit. Watu wa umri wangu wanamkumbuka kwa duka lake la hadweya pale mjini, alikouza misumari na mabati miaka arobaini. Mabati ya nyumba yangu yalitoka kwake, na nilipolalamika kwamba moja limepinda, alinibadilishia bila kununa. Mke wake Kamla alipofariki mwaka 2003, Kirit akauza duka, akajifungia nyumbani. Kilichomtoa ni sanduku la sahani ambalo mkwe wake alilileta kutoka Leicester, Uingereza, wakati mmoja alipokuja kututembelea. Mkwe mwenyewe baadaye alimwacha Deepa, binti pekee wa Kirit, lakini sahani zilibaki.

Kirit akamchorea fundi wa jua kali vikapu tisa, fundi akavichomelea kwa chuma chakavu na minyororo ya baiskeli. Uwanja akaupata kwa Kibii, jirani yangu, mwenye ekari nne za nyasi na migunga. Kibii alisema, "Weka vyuma vyako, mzee, lakini ng'ombe zangu zitakula nyasi hapo hapo. Zisisumbuliwe." Kirit akakubali. Mimi nilienda siku ya kwanza ili nicheke. Nilirusha sahani moja, ikapaa, ikakata kona peke yake ikashuka polepole karibu na kikapu, na sijawahi kurudi kukaa kwenye baraza langu siku ya Jumanne tena.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Mwanzoni mwa 2007 nilimwona Kirit akimimina chai kutoka kwenye thamosi, na chai ikamwagika nje ya kikombe. Nikamshika kidevu nikamwangalia macho. Nilikuwa nesi miaka thelathini na mmoja. Mtoto wa jicho namjua hata akiwa upande wa pili wa barabara. Alikuwa naye kwenye macho yote mawili, mweupe kabisa kwenye jicho la kulia.

"Kirit, unaona kile kikapu?"

"Naona kidogo."

"Kiko wapi?"

Akaelekeza kidole kwenye mti.

"Sista," akaniambia, maana ameniita hivyo tangu siku za duka, "hii maneno wacha tu. Kamla aliingia hospitali na miguu yake, sababu ya jiwe la nyongo. Kitu ndogo, walisema. Mimi hapana ingia huko."

Nesi mzima ningemvuta sikio siku hiyo hiyo. Ni upasuaji wa muda mfupi, nimeona wazee wakitoka wakihesabu kuku wa jirani. Lakini nikanyamaza. Tena si kunyamaza tu, nikamsaidia. Nikawa natangulia kurusha, halafu nasimama kando ya kikapu napiga domo kwa sauti: nani ameuza shamba, nani ameoa tena, mwanasiasa gani amepita na spika zake akituahidi barabara. Kirit alisikiliza, akageuza bega, akarusha kwenye sauti yangu. Na alipata! Mara nyingi alinishinda mimi mwenye macho. Kibii alisema mimi sichezi, nahubiri. Tulicheka sana miezi ile.

Basi mwezi wa Agosti Deepa akapiga simu kwamba anakuja. Kirit alinipa maneno yake yote, akiwa ameshika kofia mkononi na kuikunja. Deepa amesema akifika akikuta baba yake hawezi kujiangalia, wanarudi pamoja Leicester.

"Huko anakaa ghorofa ya nane," Kirit akasema. "Hapa nikitembea mjini, kila duka naitwa jina. Huko nitakuwa mzee wa dirisha tu. Sista, asijue."

Nikamwahidi. Mungu anisamehe, niliahidi haraka sana.

Shida ilikuwa Deepa alitaka kumwona babake akicheza. Nikihubiri kwenye vikapu vyote tisa, mtu mwenye akili ataanza kuuliza. Kibii ndiye aliyepata dawa. Alikuwa na kengele ya ng'ombe ya zamani nyumbani. Tungekuwa tunaifunga kwenye kikapu kwa kamba ndefu, yeye akae nyuma ya mti, avute kidogo Kirit akitaka kurusha, kisha aihamishe kikapu kinachofuata wakati mimi nampigisha Deepa hadithi. Kengele ni kitu cha kawaida huku, akasema, msichana atafikiri ni ng'ombe tu. Tukamsifu. Tukamwita profesa. Hapo ndipo akili zetu tatu ziliishia.

Siku ya Jumamosi Deepa akaja na baba yake, amevaa koti jekundu na raba nyeupe. Mwanamke wa miaka arobaini na tano, mpole, mwenye kitambaa kichwani kwa ajili ya upepo. Alizaliwa Nakuru, Kiswahili chake hakijaharibika. Akanisalimia kwa mikono miwili. "Shikamoo, Anti. Papa kila Jumapili kwenye simu ni Sista hivi, Sista vile."

Kikapu cha kwanza, kengele ikalia, Kirit akarusha, sahani ikatua hatua tatu tu kutoka kwenye minyororo. Deepa akapiga makofi. Cha pili, vizuri. Cha tatu, sahani ikaingia moja kwa moja, minyororo ikalia, na Kirit akainua mikono juu. Deepa akaniambia kwa sauti ya chini, "Anti, nilikuwa nimeogopa bure." Moyo wangu ukanichoma, lakini nikatabasamu.

Kumbe kuna kitu hakuna hata mmoja wetu aliyekifikiria. Kibii akiwa nyuma ya mti anavuta kamba, nani anachunga ng'ombe? Zilikuwa zimejiendea zenyewe, zinakata uwanja kwa upande wa kushoto, na mbele yao Chelel, ng'ombe mweupe anayeongoza kundi, na kengele yake shingoni. Kengele hizo mbili zilitengenezwa na mtu mmoja. Sauti ni ile ile.

Kirit akasimama kwenye alama ya kikapu cha nne. Kibii akachelewa kuvuta. Chelel akatikisa shingo kwa sababu ya nzi.

Nilimwona Kirit akigeuka. Aliipa mgongo minyororo, akalenga kushoto, akavuta pumzi, na akarusha mrusho mzuri kuliko yote niliyowahi kumwona akirusha. Sahani ikaenda chini chini bila kuyumba, ikampiga Chelel kwenye mbavu, pu! Ng'ombe akaruka, akapiga kelele, kundi zima likatimka kuelekea kwa mahindi ya watu, na Kibii akatoka nyuma ya mti akikimbia na kamba mkononi, akilaani kwa Kikalenjin.

Kirit alikuwa bado anatabasamu.

"Imeingia?" akauliza.

Deepa alimwangalia baba yake, akaangalia kamba, akaangalia kengele kwenye kikapu. Kisha akaniangalia mimi.

"Anti," akasema, "wewe si ulikuwa nesi?"

Nimetukanwa na madaktari, na wagonjwa, na mama mkwe wangu. Hakuna tusi lililowahi kuniingia namna hiyo, na mtoto wa watu hata hakupandisha sauti.

"Usimgombeze Sista," Kirit akasema. Alikuwa amefahamu. "Mimi ndiye nilimwomba. Mama yako aliingia na miguu yake, Deepa. Mimi nilimbebea begi. Nilimwambia, kesho nitakuja na chai ya tangawizi."

Deepa akafunika uso na mikono. Na mimi, nikiwaona hao wawili wamesimama kwenye nyasi hawajui nani amshike mwenzake, nikachoka na uongo.

"Kirit, kaa chini," nikamwambia. "Si wewe tu ulikuwa na woga. Mimi nilijua tangu Januari. Ningeweza kukutia adabu ukaenda, maana wewe huniogopa. Nilinyamaza kwa sababu yangu mwenyewe. Watoto wangu wako Nairobi, hawaji mpaka Krismasi. Nilifikiri, huyu akienda hospitali, binti atakuja, akija atamchukua, na mimi nitabaki na goti langu. Niliacha macho yako yazidi kufunga ili nisikose Jumanne. Hiyo ndiyo kweli."

Kirit akanyoosha mkono hewani kunitafuta, nikaushika.

"Sista," akasema, "wewe ni mjinga sana."

"Najua."

"Utakuja na mimi huko ndani?"

"Nitakuwa hapo mpaka watoe bandeji. Na nikimwona nesi mmoja mvivu, atanitambua."

Basi ikawa hivyo. Deepa akaongeza likizo yake. Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji kwanza, asubuhi ya Jumatano, na Kirit alinibana mkono wangu mpaka pete ikaacha alama. Deepa alikaa nje kwenye benchi na chupa ya chai, hajanywa hata tone. Dakika chache tu, imekwisha, akatoka akiwa hai na akilalamika kwamba kofia yake imepotea.

Kesho yake bandeji ikatolewa. Nilikuwa nimesimama karibu zaidi, nikajiandaa kwa maneno yake, maana nilijua sura yangu ya leo si ile aliyoiacha. Lakini hakuniangalia. Alimwangalia Deepa. Alimwangalia muda mrefu mpaka daktari akakohoa. Deepa hakuwa amepata usingizi usiku ule, kitambaa kilikuwa kimeanguka mabegani.

"Deepa," Kirit akasema, "tangu lini una mvi?"

"Siku nyingi, Papa."

"Na hapa chini ya macho?"

"Ni kazi tu."

"Si kazi," akasema. "Unakula na nani jioni?"

Deepa akacheka kidogo, ile ya kumfukuza mtu na swali lake, halafu kicheko kikavunjika. Miaka yote hiyo kwenye simu ya Jumapili alikuwa akisema yuko sawa, na sisi tulikuwa tumeshughulika sana kumficha mzee wetu hata hakuna aliyemwuliza yeye.

Wiki tatu baadaye daktari akamruhusu kucheza. Na unajua nini? Alicheza vibaya ajabu. Sasa alikuwa anaona kikapu, anaona mti, anaona ng'ombe, anaona ndege, na kila kitu kilimvuta. Sahani moja aliitupa mpaka barabarani. Kibii alicheka mpaka akakaa chini. Kirit akakasirika, akasema vikapu vimesogezwa, akasema upepo, akasema sahani zimezeeka. Nilimshinda kwa mirusho kumi na moja, na nikamtangazia mara tatu ili asisahau.

Tulipofika kikapu cha tisa, hakurusha. Alikaa kwenye nyasi akaniita nikae.

"Sista, naenda na Deepa."

Nilidhani anatania. "Wewe si umepona? Hawezi kukulazimisha sasa."

"Hajanilazimisha. Ameniambia nibaki." Akawa anafuta sahani na shati lake, upande huu, upande ule. "Mimi nilifikiri anakuja kunichukua sababu mimi ni mzigo. Kumbe alitaka mtu. Sikuona, Sista. Hata kabla ya macho kuharibika, sikuona."

"Na ghorofa ya nane?"

"Nitazoea."

"Na dirisha?"

"Nitaangalia nje, nimwone akitoka kazini." Akaniangalia kwa jicho lake jipya, na hapo ndipo aliponitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Umekonda. Nani atakuangalia wewe?"

Nikamwambia Kibii yupo, kanisa lipo, aache maneno mengi. Nikamwambia afanye jicho la pili huko huko na asilie mbele ya manesi. Nikamwambia amefanya vizuri, na nilimaanisha.

Waliondoka Ijumaa. Niliwasindikiza mpaka teksi ikaingia barabara ya Nairobi. Kirit alishusha kioo akapunga mkono, na alinipungia mimi, si mti, si nguzo ya stima. Nikapunga mpaka gari likapotea. Kisha nikakaa pale kando ya barabara na miaka yangu sitini na minne, nikalia kwa sauti, watu wakipita wakiniambia pole mathe, na sikuona haya hata kidogo.