Ukuta wa Dada Hamisa

Dada yangu Hamisa, Mungu amrehemu, alihamia kijiji kipya cha ujamaa karibu na Mpapura mwaka 1974 akiwa katika eda. Mumewe, Mohamedi, alikuwa amefariki mwezi mmoja tu kabla. Kwa kuwa hakuweza kutoka kujenga, majirani walimjengea: wanaume wakasimamisha miti na fito, wanawake wakakandika udongo. Mimi, niliyekuwa nimemaliza sekondari, ndiye niliyewaomba wasimwachie hata kazi ndogo. Nilidhani ndiyo huruma.

Alipomaliza eda, hakuwa dada niliyemjua. Zamani alikuwa wa kwanza kumaliza ngwe yake shambani na kuwacheka waliobaki nyuma. Sasa ngwe ilimshinda. Mkutanoni alinyamaza. Nilipomuuliza, akanijibu, "Mtu aliyejengewa mpaka jiko atasema nini mbele za watu?"

Nikaogopa kwamba tumemzika pamoja na mumewe.

Masika yalipokolea, ukuta wa jikoni ukaanguka. Asubuhi Abeid, rafiki wa marehemu, akaja na watu. Hamisa akasimama mlangoni.

"Shemeji, huu niachie."

"Ukianguka tena je?"

"Utaniangukia mimi, si wewe."

Nikafungua mdomo kumsihi akubali. Akanitazama, nikaufunga.

Siku nane alikanyaga udongo na kukandika peke yake. Ukuta ukatoka na kitambi. Somoe, jirani yake, akauzunguka akiushangaa.

"We Hamisa! Huu una mimba ya miezi mingapi?"

"Saba. Kaandae uji wa mzazi!"

Akacheka mwenyewe mpaka akakaa chini. Tangu msiba sikuwa nimemsikia akicheka.

Wiki ile alimaliza ngwe kabla ya Somoe, akamngoja mwishoni ili amtanie. Mwaka uliofuata, kijiji kilipojenga darasa, Abeid alikuja kumwomba asimamie wakandikaji. Alikwenda, na walioleta udongo wa majimaji waliujua ulimi wake.

Tumemzika Ijumaa iliyopita. Ukuta bado umesimama, maana kila baada ya masika aliukandika upya, na kitambi chake akakiacha. Majirani wamejaa uani, wananipikia, wananitekea maji. "Kaa, pumzika," wananiambia, na Mungu awalipe. Nimekaa siku tatu.

Leo nimemwomba Somoe ungo wa mchele nichambue mwenyewe. Amenitazama kidogo, kisha akasogea kwenye mkeka na kunipa nafasi.