Siku Mama Kahindi Alipokuja Kwetu

Ufuta unapoanikwa juani hutoa harufu ya vumbi na mafuta kwa pamoja, na ndani yake mna harufu nyingine hafifu ya moshi, kwa sababu wakulima wa Ganda na Kakuyuni waliuhifadhi darini, juu ya mafiga. Harufu hiyo ilijaa ua wetu wa Malindi kila mavuno yalipoingia. Ilishika nywele, ilishika mikeka, ilitufuata hata mezani. Baba yangu alikuwa dalali wa nafaka. Alipokea mizigo ya wakulima na kuwauzia Wahindi wenye maduka, na msimu mzima nyumba yetu haikuwa na utulivu: watu wakiita nje, magunia yakitua kwa kishindo, punda wakilia njiani. Mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi na sita, labda kumi na saba. Wakati huo umri ulikuwa ni jambo la kukisia. Nilikuwa nimeshatiwa ndani. Sikuvuka mlango wa mbele ila nimejitanda na nikiwa na mtu mzima, na kelele zote zile za msimu nilizisikia tu bila kuziona.

Kazi yangu ilikuwa kupepeta ufuta na kuchagua vijiwe. Nilikaa kwenye pembe ya ua, nikiegemea ukuta wa makuti uliotutenga na uwanja wa magunia. Upande wa pili wa makuti hayo alikaa kijana aliyeshona midomo ya magunia, naye akiegemea hapo hapo. Jina lake Kahindi. Alikuwa Mgiriama wa Kakuyuni, mmoja wa vijana wengi walioingia mjini kutafuta kibarua miaka ile Wazungu walipokuwa wakipanda miti ya mpira nje ya mji. Yeye mpira hakuutaka, akaja kwa baba. Niliijua sauti yake kabla ya kuujua uso wake. Alisema "dzana" badala ya jana, na mimi nilikuwa nikimrekebisha, mpaka siku moja nikajikuta nami nasema dzana, mama akanitazama.

Tulianza na maneno madogo. Aliniuliza, "Huchoki kukaa humo ndani?"

"Nachoka. Nitafanyaje?"

"Tembea humo humo. Mtu akizoea kukaa, miguu husahau."

Basi nikaanza kutembea. Kutoka jikoni hadi kisimani, kutoka kisimani hadi mlango wa ghala, halafu narudi. Mama aliniambia niketi, nikaketi, kisha nikainuka tena. Usingizi ulipungua. Chakula nilikionja nikakiacha. Asubuhi nilisikia vishindo vya magunia nikajua kazi imeanza, na nilipokosa kuisikia sauti yake nilihisi kama mtu aliyesahau kitu na hajui ni nini. Uso wake niliuona kwa mara ya kwanza upepo uliponyanyua kuti moja: kijana mwembamba, ana kovu dogo juu ya nyusi, anacheka kabla ya kujua anachochekea. Alilirudisha lile kuti mahali pake kwa adabu, na jambo hilo ndilo lililonimaliza.

Mavuno yalipokuwa yanakaribia kwisha, alinena lile neno ambalo sote wawili tulikuwa tukilizunguka. "Nitasilimu. Nitakwenda kwa mwalimu wa chuoni anifundishe kusali, kisha nitamkabili babako."

"Na mamako atasemaje?"

"Mama ataelewa."

Alilisema upesi mno. Nilijua, kwa kuwa alikuwa amenieleza mwenyewe, kwamba alikuwa na ndugu wawili na wote wawili walikufa kwa ndui wangali wadogo. Lakini nilikuwa msichana, nami nilitaka kuamini kwamba mama ataelewa.

Alikwenda kwao kumwambia. Siku iliyofuata, jua likiwa bado halijawa kali, nilisikia hodi ya mwanamke kwenye mlango wa uani. Mama akamkaribisha. Aliingia mwanamke mrefu aliyevaa hando, ile nguo yao ya marinda mengi, miguu mitupu imejaa udongo mwekundu wa njia, na mkononi ameshika kuku aliyefungwa miguu. Alimkabidhi mama yule kuku kabla ya kusema lolote. Mimi nilikuwa ndani ya ghala, mlango umerudishwa nusu.

"Mimi ni mama yake Kahindi, huyu anayewashonea magunia," alisema. "Sikuja kugombana, mwenzangu. Nimekuja kuomba."

Mama, ambaye hakuwa na habari yoyote, alimwekea kigoda, akamletea maji.

"Nimezaa watatu, nimezika wawili. Huyu ndiye aliyebaki. Ameniambia anataka kuwa mtu wa kwenu kwa ajili ya binti yako. Binti yako simjui, na sisemi ana kasoro. Lakini mwanangu akija huku atapewa jina jingine. Ataacha kula kwangu. Siku nikifa, nani atanizika kwa desturi zetu? Na hilo jina nililompa, la babangu, nitamwita nalo nani?"

Nilingoja mama akasirike. Alikuwa mwepesi wa hasira, na kama angepaza sauti, ningepata upande wa kusimama. Ningetoka ghalani nikasema langu. Hakupaza sauti. Alikaa chini mkekani, mbele ya yule mgeni, akasema polepole, "Wangu hakuniambia neno. Ningekuwa wewe, hata mimi ningetembea njia yote hiyo. Nenda kwa amani, mama. Tutayamaliza hapa hapa, wanaume wasijue." Akampa uji, wakanywa pamoja. Waliagana kama ndugu. Kisha mama akaja mlangoni pa ghala, akauliza bila kuusukuma, "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Haya."

Mazungumzo yetu juu ya Kahindi, maisha yangu yote, yalikuwa hayo tu.

Alasiri Kahindi alirudi kuchukua vitu vyake, maana mama alikwisha kumtumia salamu kwamba kazi imekwisha. Nilikuwa kwenye pembe yangu. Nilisikia makuti yakikwaruza mgongo wake alipoketi.

"Uko hapo?"

"Niko."

"Niambie nisiende. Ukiniambia, siendi."

Neno lilikuwa mdomoni. Lakini nilikuwa bado naiona ile miguu yenye udongo mwekundu. "Nenda kwa mamako," nikamwambia. Makuti yakakwaruza tena alipoinuka, na upande ule ukawa mtupu.

Miezi iliyofuata nilitembea ua mzima kwa namna ambayo ilimtisha baba, akadhani nimepagawa, akaniletea kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani, ninywe. Kabla vita vya Wazungu havijaanza nikaolewa na Abubakari, seremala wa Mnarani, mtu mzuri, mpole, mwenye mikono yenye harufu ya mbao mbichi. Nilimpenda, na sikuchelewa kumpenda. Lakini nilimpenda kwa mkono uliofunguka. Akisema anakwenda Mombasa kufanya kazi, namwambia haya. Akisema atalala kwa ndugu zake, haya. Akibadili shauri, haya pia. Nilidhani huo ndio wema: kutomtaka mtu aache chochote kwa ajili yangu. Ndani, kila alipotoka, nilikuwa naanza tena safari zangu za jikoni hadi kisimani, na aliporudi alinikuta nimeketi, kama mtu ambaye hakuwa na wasiwasi hata kidogo.

Watoto wetu wakubwa walikwisha kuoa aliponijia siku moja na habari ya kazi ya milango huko Lamu. Ingechukua mwaka. Nikasema haya. Aliweka chini msumeno aliokuwa akiunoa.

"Tangu nikuoe hujaniomba kitu," alisema. "Hata siku moja hujaniambia fanya hivi, acha hivi. Mtu asiyeombwa kitu hujiona mgeni nyumbani kwake. Nimekuwa mgeni wako miaka yote hii."

Nilisimama. Niliketi. Nilitaka kumweleza habari ya mwanamke mwenye kuku na nikaona siwezi kuianza. Nikasema tu, "Usiende." Sauti ilitoka vibaya, kama ya mtoto. Nikasema tena, "Usiende, Abubakari. Mimi hukaa vibaya ukiondoka. Kila mara."

Alicheka, machozi yakamtoka. Akaenda Lamu, kwa sababu alikwisha kutoa ahadi kwa mwenye kazi, lakini alikwenda akiwa ameombwa kubaki, na hakuna safari yake nyingine niliyoivumilia kwa urahisi kama hiyo. Aliporudi tulikuwa tukigombana kwa mambo madogo madogo, chumvi, mlango, wajukuu, nasi tulikuwa na raha ambayo hatukuwahi kuwa nayo ujanani.

Kahindi, nilisikia, alioa Kakuyuni, na mamake alizeekea mikononi mwake. Nilifurahi kwa ajili ya yule mama. Juu ya Kahindi mwenyewe sikujua nifurahi au nisifurahi, kwani hakuna aliyemuuliza anachotaka, na mimi nilikuwa mmoja wa wale ambao hawakumuuliza.

Sasa mimi ni mjane, nakaa kwa binti yangu. Mjukuu wangu ana mchumba anayetaka kuhamia Nairobi, na jioni kijana huyo huja wakakaa barazani, mbele ya watu, wakibishana. "Sitaki," mjukuu anamwambia. "Nami nataka," anajibu yule kijana. "Basi nieleze kwa nini." Binti yangu huniambia niwakemee, ni aibu, majirani wanasikia. Siwakemei. Nasogeza kiti changu karibu na dirisha, nasimama, naketi, nasimama tena, nikingoja kusikia kila mmoja atajibu nini.