Ripoti ya Nkatha Mbele ya Keki

Kuna wanaume wanaooa mke na kuna wanaooa ngazi. Jotham alioa ngazi. Aliitoa Meru, akaivusha bahari, akaisimamisha katika fleti ya Columbia Heights, kisha akaanza kuipanda, tena na viatu. Jina la ngazi hiyo ni Nkatha.

Nkatha aliishia darasa la sita. Hakufeli. Aliondolewa shuleni akalee watoto wa kaka yake, ambao leo ni watu wazima wenye vitambi, na hawamjulii hali ila wakitaka kutumiwa raba. Kwa hiyo walipofika Minnesota, yeye na mumewe waliketi jikoni wakakubaliana. Jotham alikuwa na kidato cha nne, basi atangulie yeye kusomea unesi. Akimaliza, Nkatha ataingia shule ya watu wazima, apate cheti cha sekondari, kisha asonge mbele mpaka naye awe nesi.

"Mmoja anasoma, mwingine anashika nyumba, halafu tunabadilishana," Jotham alisema. "Neno la mwanamume ni moja, Mama Lynette."

Hakusema ni neno lipi.

Jotham akaenda chuo. Nkatha akaenda kwenye nyumba ya wazee huko Saint Louis Park, kuogesha watu, kuwageuza kitandani na kuitwa majina ya mabinti zao waliokufa. Asubuhi za baridi alitangulia kutoka nje akwangue barafu kwenye kioo cha gari, ili bwana mwanafunzi asichelewe. Jotham akapata digrii yake ya miaka miwili, akafaulu mtihani wa leseni, akaajiriwa hospitalini. Siku hiyohiyo Nkatha alijinunulia mkoba wa buluu, akatia daftari na kalamu.

Mkoba haujakaa vizuri mlangoni, Jotham akarudi kutoka kazini na uso wa matanga.

"Mama Lynette, hii digrii yangu ni fupi."

"Fupi vipi? Si uliivalia joho mpaka chini?"

"Ni ya miaka miwili. Hospitali inataka ya miaka minne. Waliniajiri kwa sharti nimalizie. Nisipomalizia, watanitoa."

"Na zamu yangu?"

"Zamu yako haiozi."

Nkatha akauweka mkoba juu ya kabati, na vumbi likaanza kuusomea.

Huko kumalizia kulikuwa kwa kompyuta. Jotham aliteka meza ya chakula, akaijaza vitabu na nyaya, na watoto wakazoea kula kwenye kochi kama wageni wa msibani. Ilimpasa aandike maoni yake, kisha awajibu wanafunzi wenzake. Hakuwahi kuwaona, lakini aligombana nao kuliko alivyowahi kugombana na mama mkwe. "Huyu wa Oakdale hajui lolote!" alifoka, huku sufuria ikiungua nyuma yake. Aliandika insha ndefu juu ya uongozi, na mfuko wa taka ukakaa mlangoni mpaka ukanuka, ukingoja kiongozi.

Lakini iliyomchoma Nkatha ni insha ya uchovu. Alikuwa ametoka kuunganisha shifti mbili, miguu imevimba kama maandazi, Jotham akamwita kwa furaha.

"Njoo, njoo nikusomee. Lakini usikalie hicho kiti, kina karatasi zangu."

Akasikiliza amesimama. Ilihusu wanawake wanaohudumia wengine mpaka wanasahau kwamba nao wana mwili. Wanahitaji kupumzishwa, insha ilisema. Wanahitaji mtu wa kuwauliza, wewe je?

"Unaonaje?" Jotham aliuliza.

"Ni kweli tupu. Huyo mwanamke ni nani?"

"Si mtu, ni utafiti. Kuna chai?"

Insha ilipata alama ya juu kabisa.

Sasa, nyumba ya wazee ina sheria moja, nayo ni sheria ya kila mahali panapolala mgonjwa. Hutoki mpaka wa kukupokea afike. Akifika, unampa ripoti: huyu amekula, huyu amegoma, huyu akisema anakwenda Iowa mfungie mlango. Unamuuliza kama ana swali. Akisema "nimepokea," wagonjwa ni wake, na wewe ni mtu huru. Ukiondoka kabla ya neno hilo, umewatelekeza, na kazi huna. Akishalisema yeye halafu akaondoka, basi yeye ndiye aliyetelekeza.

Anayempokea Nkatha ni Mukandayisenga, mama wa Kikongo mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Kuna asubuhi theluji ilifunga barabara, Nkatha akangoja na koti lake begani hadi karibu na mchana. Mukandayisenga alipoingia anahema, Nkatha alimwambia, "Wewe angalau unachelewa halafu unafika. Mimi nyumbani kuna mtu wa kunipokea tangu mwaka ule, hajaonekana."

"Mupe ripoti," Mukandayisenga alisema akivua buti. "Bwana wako haiko nesi? Atasikia."

Wakacheka, wakaliacha hapo. Angalau Mukandayisenga aliliacha.

Masomo ya Jotham yalipokaribia mwisho, Nkatha hakungoja kuambiwa. Alipanda basi mwenyewe akajiandikisha katika shule ya watu wazima. Mwalimu, msichana mpole mwenye nywele za zambarau, alimwambia darasa linaanza Jumatatu jioni, na asiyefika siku ya kwanza nafasi yake inapewa mwingine, maana wanaongoja ni wengi. Nkatha alishawahi kupoteza nafasi hapo kwa ajili ya mitihani ya Jotham. Akamweleza mumewe neno kwa neno, hata ile habari ya nafasi kupewa mwingine.

"Tutaongea baada ya sherehe," Jotham alisema.

Sherehe iliangukia Jumamosi, siku mbili kabla ya darasa, katika ukumbi wa kanisa huko Oakdale. Kamati ilikuwa imekutana kwa wiki kadhaa, na kama ungehudhuria ungedhani wanamwapisha gavana. Watu walijaa. Ungerusha chapati umefumba macho, ingempiga nesi, na kama si nesi, mtu wa kuogesha wazee. Keki ilitengenezwa kwa mfano wa kofia ya mahafali. Jotham alikaa mbele na joho lake, anatoa jasho kwa heshima.

Ukafika wakati wa kulishana keki. Mfawidhi alikuwa Wanjala, shemasi anayependa maikrofoni kuliko anavyopenda wokovu. Aliwaita watu kwa makundi, na Jotham akamlisha kila mmoja kwa uma: mchungaji na mkewe, mwenyekiti wa kamati, wanakwaya, wanafunzi wenzake wawili wa kwenye kompyuta, akiwamo yule wa Oakdale asiyejua lolote, hata kijana aliyemtengenezea kompyuta ilipomwagikiwa uji.

Nkatha alikuwa jikoni na aproni, anapakua nyama ya mbuzi. Mukandayisenga, aliyekuja kumsaidia, alichungulia ukumbini akarudi ameshika kiuno.

"Mama Lynette, bote banakula gato, na weye uko huku na vitunguu?"

"Mimi nitakula sahani ikishaoshwa."

Ndipo sauti ya Wanjala ikapasua spika. "Na sasa, ndugu yetu Jotham, mbele kuna nini? Ama umeshiba vitabu?"

"Nishibe?" Jotham alicheka. "Wapendwa, safari ndiyo inaanza. Septemba naingia masta! Na mke wangu, nguzo yangu, amekubali kuendelea kunishikilia."

Vigelegele. Nguzo ilisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza ikiwa na kijiko cha mchuzi mkononi. Nguzo haiulizwi, ndiyo maana watu wanapenda kuwa nayo.

"Nguzo iko wapi?" Wanjala alipaza. "Ije ilishwe keki!"

Nkatha akatoka na aproni yake vilevile, ananuka kitunguu. Jotham akamnyooshea uma wenye kipande kikubwa, simu za watu zikainuka kupiga picha. Nkatha akafunga mdomo. Akamgeukia Wanjala, akamtoa maikrofoni mkononi kama anavyomtoa mzee kisu.

"Kabla sijala, nina ripoti."

Watu wakacheka, wakidhani ni shukrani. Nkatha akamtazama mumewe, akatumia sauti ileile ya kazini, kavu na ya haraka.

"Shifti yangu inaisha leo. Nakukabidhi fleti ya vyumba viwili. Kuna msichana, Lynette: anakula vizuri, asubuhi hasemi na mtu, usimlazimishe. Kuna mvulana, Alvin: hali mboga akiiona, kwa hiyo isage. Choo kinavuja ukikivuta kwa hasira. Taka hutoka Alhamisi, lakini haitoki kwa miguu yake. Mama yako hupiga simu baada ya ibada, analalamikia goti na ananilalamikia mimi. Sikiliza yote mawili, usitibu. Wa mwisho ni mwanamume wa makamo. Anatembea mwenyewe, anajilisha akiwekewa mbele, lakini ana ugonjwa wa kusahau ahadi. Huyo usimwache peke yake. Una swali?"

Kwa miaka yote hiyo Jotham alikuwa ameulizwa swali hilo kila alipoingia kazini. Mdomo wake ukajibu kabla kichwa hakijaitwa.

"Hapana. Nimepokea."

Ukumbi ukalipuka. Mtu asiye wa kazi ile angedhani watu wamepagawa. Wanawake walipiga meza, mmoja akamwaga soda.

"Amepokea! Mashahidi tupo!"

"Ukiacha bagonjwa sasa, ni kubatupa!" Mukandayisenga alinguruma kutoka mlango wa jikoni. "Tutakuripoti!"

"Ngoja, Mama Lynette," Jotham alisema. "Nilikuwa sijamaanisha..."

"Ndugu yangu," Wanjala alimwambia kwa huruma, na yeye pia ni nesi, "ukishapokea umepokea."

Mchungaji, ambaye mkewe alikuwa akicheka mpaka machozi, aliamua kuichunguza keki yake kwa makini. Nkatha akafungua aproni, akamvisha Jotham shingoni juu ya joho, akamfungia kamba nyuma kama anavyomfungia mtoto kitambaa cha kulishia. Kisha akafungua mdomo.

"Haya. Nilishe."

Njiani kurudi, Jotham ndiye aliyeendesha. Kwenye kiti cha nyuma Lynette alikuwa akiitazama video ya tukio zima, akicheka puani.

"Umeniaibisha mbele ya kanisa," Jotham alisema.

"Nilikuambia nyumbani ukasema tutaongea. Basi tumeongea."

"Na masta yangu?"

"Masta yako haiozi."

Lynette akasema kwa Kiingereza kwamba mama ameua, akairudisha video mwanzo.

Jumapili Jotham alijaribu kurudi nyuma. Lakini kanisani hakukuwa na aliyemsalimia kwa bwana asifiwe, kila mkono aliopewa ulikuja na "Umepokea?" Hata watoto wa shule ya Jumapili. Adhuhuri mama yake akapiga simu. Nkatha akamsogezea Jotham simu, naye akalisikiliza goti kwa muda mrefu sana.

Jumatatu jioni Nkatha akashusha mkoba wa buluu kutoka juu ya kabati, akaupangusa, akapanda basi. Kiti chake kilikuwepo. Mwalimu mwenye nywele za zambarau aliandika ubaoni, akawaambia kila mtu aandike jina lake lote juu ya ukurasa. Simu ikatetemeka. Ilikuwa ni Jotham: mwiko uko wapi? Ikatetemeka tena: na unga?

Aliyetoka shifti hapigiwi. Jotham alifundishwa hilo chuoni, miaka minne yote. Nkatha akaizima simu, akaitia chini kabisa ya mkoba, akatafuta kalamu yake, akatafuta tena. Haikuwemo. Jotham alikuwa ameichukua zamani.

Akamgeukia mama aliyeketi kando yake, akaazima.