Maji ya Kukanda

Alipomaliza kunishona baada ya binti wetu wa nne, daktari alisema mimba ya tano itanizika. Mume wangu akasema basi ataenda kufunga uzazi yeye. Nilicheka, maana ni mwanaume anayefumba macho kuku akichinjwa.

Alikwenda kweli. Shughuli yenyewe haikuzidi kunyolewa kwa kinyozi: ganzi, tundu dogo, mirija miwili ikakatwa na kufungwa, basi. Mimi nimepasuliwa mara nne kama gunia la maharagwe na hakuna aliyenionea huruma. Yeye alirudi mtaani kwetu Katoyi kwa miguu, akitembea ametanua mapaja, kwani pikipiki juu ya mawe yetu ya volkano hakuithubutu. Akajitupa kitandani na mfuko wa samaki wa barafu mapajani. Samaki hao tuliwala jioni kwa ugali. Kila mara aliimba besi yake ya kwaya, ahakikishe sauti haijawa ya kike. Muuguzi alikuwa amemwonya kwamba kwa miezi mitatu bunduki bado ina risasi, lakini kwa alivyokuwa akiugulia, sikuwa na wasiwasi naye.

Niliyemwogopa ni mama yake. Alitaka mjukuu wa kiume, na mjukuu asipokuja, kwetu hulaumiwa mke: amefunga tumbo, amemroga mume. Mume wangu, ambaye hajawahi kumpinga mama yake hata kuhusu chumvi ya mboga, alimpigia simu akasema anaumwa ngiri. Binti wa nne alipozaliwa, mama mkwe hakuja. Ngiri ya mwanawe ilimtoa kwao Kiwanja siku hiyohiyo, na majani ya kukandia mkobani.

Alichemsha maji sufuria nzima, kama ya kumkanda mzazi, akaingia nayo chumbani.

"Mutoto wangu, vula suruali."

Nikamtazama mume wangu. Angesema mimi ndiye niliyemtuma, lawama ningezibeba mpaka kaburini, na alijua hivyo. Alivuta shuka hadi kidevuni.

"Mama, haiko ngiri. Munganga wa hospitali alinifunga uzazi. Siwezi zala tena."

"Nani alikutuma?" Alimuuliza yeye, lakini macho yalikuwa kwangu.

"Hakuna mutu. Ni miye mwenyewe. Mimba ingine itamuua, na miye sitaki kumuzika."

Mvuke ulimpanda mama mkwe usoni. Mwishowe alisonya, akaisogeza sufuria upande wangu.

"Maji isipotee bure. Weye mama, tangu uzale ule mutoto, nani alikukanda?"

"Hakuna, mama."

"Vula."

Maji yalikuwa moto mno, na mikono yake haikuwa na huruma hata chembe. Nililia kwa sauti mbele yake bila kuona haya. Kitandani mume wangu naye alikuwa analia, akisingizia kidonda.