Macho ya Usipa Usoni mwa Tekla

Mjukuu wangu ana chunusi, basi nyumba nzima haina amani. Kajifungia ndani na kioo, na mama yake ananing'ang'ania: "Mama, msimulie habari ya mama mkubwa Tekla." Kila mtu akivimba pua, naitwa mimi nisimulie. Haya, naandika mara moja, wasome wenyewe. Shule sikuijua sana, wavumilie mwandiko.

Nilipokuwa mtoto pale Ngumbo, ufukweni mwa Nyasa, tuliambiwa kwamba ukiiba usipa kwenye chanja, wale samaki wadogo tunaowaanika, macho yao yatakutoka usoni. Kunguru hawakujali. Watoto tuliogopa.

Mimi sikuogopa sana. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara, maduka yaliyouza chumvi na viberiti tu yalianza kujaa biskuti, na kulikuwa na mchuuzi aliyepokea usipa badala ya pesa. Nikachota kwenye chanja ya Bibi. Asubuhi nikajipapasa mashavu: laini kama yai. Nikachota tena.

Macho hayo yakamtokea dada yangu Tekla. Alikuwa na miaka kumi na sita, vipele vimemjaa kutoka kwenye paji la uso hadi kidevuni. Alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari huko Mbinga, msichana pekee kijijini mwaka ule. Bibi, aliyetulea, akaitazama chanja iliyopungua, akautazama uso wa Tekla, akakata shauri.

"Mwizi simsomeshi."

"Bibi, sijaiba."

"Na uso wako unasema nini?"

Wanawake wa chanjani wakampachika jina. "Macho Mia, sogea huko, usije ukatuhesabia samaki!" Tekla akajisugua kwa sabuni ya kufulia na mchanga mpaka ngozi ikabanduka. Akaacha kwaya. Akasema hata Bibi akilegeza msimamo, shule haendi na uso ule. Mimi nilikuwa nakula biskuti. Sijivunii, ila ndivyo ilivyokuwa.

Vidonda vilipoanza kutoa usaha, Bibi akampeleka zahanati, nami nikafuata nyuma. Muuguzi, mama mmoja mnene mwenye makovu mashavuni, hakushtuka hata kidogo.

"Chunusi hizi. Karibu kila kijana anapata, mtoto wa mwalimu na mtoto wa mlevi. Usisugue, usitumbue. Osha taratibu, paka dawa hii. Itachukua miezi, lakini zitapungua."

"Ni za wizi," Bibi akasema.

"Samahani, Bibi, na hivyo vipele vyako vya puani na mashavuni? Vinawaka ukikaa jikoni?"

"Vinawaka kama pilipili. Miaka sasa."

"Huo ni ugonjwa mwingine, wa watu wazima, wanauita rosasia. Moto na jua vinauchochea. Wako wengi wenye nao, hawajui tu. Sasa wewe uliiba nini?"

Bibi akajipapasa pua. 

Tekla akamuuliza muuguzi polepole, "Na wewe ulikuwa nazo, mama?"

"Mpaka mgongoni."

"Shule ulikwenda nazo?"

"Nilikwenda nazo. Kalamu inashikwa na mkono, mwanangu."

Bibi akageuka. "Basi usipa wangu nani anamla?" Pale tulipokuwa, mwenye uso usio na kipele wala kovu alikuwa mmoja, mimi. Nikaangua kilio, nikasema yote.

Tekla alikwenda Mbinga. Ngozi ilitulia kabla mwaka haujaisha. Kumtazama mgeni usoni kulimchukua muda mrefu zaidi, na hilo si chunusi zilizomfanyia, ni sisi. Siku hizi ni mwalimu mkuu, na hakuna anayemwangalia akasahau heshima.

Bibi hakunichapa. Alinishika mkono akanipitisha chanja kwa chanja, kwa kila mwanamke, nami nikasema kwa sauti: "Shikamoo, mwizi ni mimi, Tekla hana kosa." Walikuwa kumi na mmoja. Wa mwisho alikuwa Tekla mwenyewe, uso bado una madonda, na alinitaka niyarudie maneno hayo mara tatu huku akinitazama machoni.