Kuai Yao

Kwa miaka minne Mama Kreni alijua neno moja tu la Kichina, na alilichukia. Kuai! Haraka! Mhandisi wao, Mchina, aliamka nalo na kulala nalo. Kuai kuai asubuhi, kuai kuai mchana, hata mtu akienda chooni. Kisha siku moja mkalimani, binti mwenye mdomo kama cherehani, akamwongezea la pili wakati wa chakula.

"Mama, ukisikia kuai yao, usikimbie. Hapo si haraka tena. Ni jambo linalokaribia kutokea."

"Kuai si ni kuai?"

"Ikifuatwa na yao inageuka. Sisi si tunasema mvua inataka kunyesha? Basi, na yao ni kutaka vilevile. Unataja jambo lenyewe, unamalizia na le."

"Kumbe na mvua yao inataka!" Mama Kreni akasema, akajaribu kulitamka, meza nzima ikamcheka.

Siku mbili baadaye alikuwa kwenye kibanda chake cha kreni, juu kabisa ya karakana ya mabati, ameinua rola, gogo la chuma la tani tatu. Chini ya rola Mhandisi alikuwa amechuchumaa, kichwa ndani ya mashine, akikaza boliti ambayo hakumwamini mtu mwingine kuikaza. Hakutakiwa kuwa pale. Kanuni aliibandika ukutani yeye mwenyewe. Ndipo Mama Kreni alipoona mkanda wa kunyanyulia umekaa kwenye ukingo wa chuma, nyuzi zinaachia moja moja.

Hakuthubutu kusogeza chochote. Mtikisiko mmoja tu ungeumaliza. Akapiga honi. Honi ile ilizoea kulia kutwa nzima, nani angeishtukia? Akatoa kichwa dirishani.

"Tokeni! Mkanda unakatika!"

Vijana wawili waliolishikilia rola kwa kamba wakatoka nduki. Mhandisi akawatupia jicho la hasira, akarudi kwenye boliti yake. Mkalimani alikuwa ofisini, ng'ambo ya uwanja.

"Kuai! Kuai!" Mama Kreni akapiga kelele, maana ndilo lililomjia mdomoni.

Mhandisi akainua dole gumba bila kugeuka, akaanza kukaza haraka zaidi.

Mtu atakufa mbele ya macho yangu, Mama Kreni akawaza, na mimi ndiye ninayemhimiza. Mhandisi alikuwa akimuudhi kila siku ya Mungu, ndiyo, lakini si wa kufa hivi. Na kukatika kwa Kichina ni nini? Hakuwahi kufundishwa. Uzi mwingine ukaachia.

"Kuai yao!" akalia. "Kuai yao kukatika le!"

Spana ikasimama. Kuna jambo linataka kutokea. Jambo gani, Mhandisi hakuelewa, na kwa kuwa hakuelewa akainua macho kulitafuta. Akajirusha kando kifudifudi. Rola likashuka, likaibamiza mashine mpaka boliti zikaruka.

Mama Kreni aliteremka ngazi mbiombio. Mhandisi alikuwa amekaa sakafuni, uso umempauka, kiatu kimoja hakionekani. Akaokota kipande cha mkanda, akamwonyesha nyuzi zilizochanika.

"Ku-ka-ti-ka?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Hapana, Mhandisi. Si kuai yao tena, mkanda umeshakatika."

Kisha Mama Kreni akaketi palepale kando yake, akalia kwa sauti, bila kumwonea mtu haya.